Anzeni shamba, malizieni mjini: namna ya kupanga safari ya marafiki Pemba na Unguja

Kila mwaka Sikukuu ikishapita grupu letu la WhatsApp linaamka, mmoja anaandika "jamani mwaka huu tunatoka au ndo basi", wote wanajibu mie nipo, mie nipo, halafu kimya wiki tatu. Tupo saba, watatu tunakaa Unguja, wawili Dar, mmoja Mombasa na mmoja yuko Muscat anakuja likizo. Tumeshakwenda Pemba pamoja mara nne. Mara ya kwanza tulikosea karibu kila kitu na ndo mana nikaona niandike, kuna watu wengi wananiuliza inbox vipi mnafanya mnakwenda watu saba na mnarudi bado mnasemeshana.

Kwanza kabisa, mpango. Watu karibu wote wakipanga safari ya mji na shamba wanaanza mjini. Inaonekana ndo sawa, mnashuka bandarini Malindi au uwanja wa ndege, mnakaa Mji Mkongwe siku kadhaa, halafu mnamalizia shamba kupumzika. Sie tulifanya hivo hivo. Siku tatu Unguja mjini, siku mbili Pemba. Mjini pesa zikaruka, leo bustani ya Forodhani, kesho kisiwa cha Changuu kuangalia makobe, kesho kutwa mtu anataka kanga soko la Darajani na akienda mmoja wanakwenda wote, usiku watu wanalala saa nane. Tunafika Pemba watu hoi, mifuko imetoboka, tumekaa siku mbili tu na moja yake watu wamelala. Siku ya kurudi upepo wa kusi umekaza, safari ya boti ikaahirishwa, basi tukakaa Mkoani, bandari ya Pemba, na mabegi yetu kama tumefukuzwa nyumbani. Mwenzetu mmoja wa Dar alitakiwa kazini Jumatatu asubuhi na mpaka leo bosi wake haiamini ile hadithi ya upepo.

Kwahiyo sasa hivi sie tunaanza Pemba, tunamaliza mjini, na sibadilishi tena. Bahari ikichafuka siku ya kurudi mnapoteza siku moja ya mjini tu, hampotezi ndege wala kazi, ile siku ya mjini ndo mto wenu wa kuegemea. Pesa nazo, Pemba hata ukitaka kuzitumia ovyo huna pa kuzitumia, kwahiyo mnafika mjini mnajua kilichobaki ni kiasi gani. Halafu kuna hili watu hawalifikirii: mtu akitoka kwenye makelele ya kazi yake ukampeleka kwenye makelele mengine hapumziki, anakuwa mkali, mnagombana kwa kitu kidogo kama nani kachukua chaja. Mpeleke shamba kwanza alale, ale, aoge baharini, akija mjini ni mtu mwengine.

Sasa hesabu ya siku. Kama mna wiki moja, msigawe nusu kwa nusu. Shamba inataka siku nyingi kuliko mji, watu wanadhani kinyume chake kwa sababu mjini kuna vitu vingi, lakini vya mjini vyote vimekaribiana unavimaliza kwa miguu, Pemba kila kitu kina safari yake. Kisiwa chenyewe kutoka kusini mpaka kaskazini hakifiki kilomita 70 ila barabara inapanda na kushuka vilima, gari inasimama kila pahala, mtu anateremsha gunia la muhogo, mwengine anapandisha mafenesi. Sie tunapanga usiku mmoja Unguja watu wakusanyike, usiku nne Pemba, usiku mbili mjini. Na siku ya boti isiwe na ratiba yoyote, msijidanganye mtashuka Mkoani saa sita na saa nane muwe mnaogelea kaskazini. Siku ya boti ni ya boti.

Tarehe zina mambo yake. Masika, yani katikati ya Machi mpaka Mei, mvua inanyesha vizuri tu, barabara za ndani zinakuwa tope, bei za kulala mjini zinashuka lakini mtakaa barazani mnaangalia maji yanapita. Juni mpaka Agosti kusi linapuliza, hewa nzuri baridi ila bahari kati ya Unguja na Pemba inacheza. Wenye matumbo mepesi waje Disemba mpaka Februari wakati wa upepo wa kaskazi, joto lipo lakini bahari inatulia zaidi. Ramadhan mie siwashauri kwa safari ya kustarehe, mchana kula hadharani haifai na mikahawa mingi imefunga, ingawa usiku wake una utamu wake na kama nyote mnafunga ni habari nyengine. Angalieni na tarehe za tamasha la muziki la Sauti za Busara, kawaida inakuwa Februari, vyumba Mji Mkongwe vinajaa na bei zinapanda juu. Mkija Julai ulizieni sherehe ya Mwaka Kogwa, kijiji cha Makunduchi Unguja, kule wanapigana kwa migomba wanamaliza ugomvi wa mwaka mzima, sijui kwanini watu wa grupu letu hawataki kwenda.

Pesa ndo pahala panapovunja urafiki kwahiyo hapa nitakaa kidogo. Chagueni mshika fedha mmoja, asiwe yule mchangamfu wa grupu, awe yule anaekumbuka anakudai mia tano ya maji toka mwaka jana. Kwetu ni dada mmoja wa Mombasa, tunamwita Hazina. Kila mtu anamtumia kwa simu mchango wa kwanza miezi miwili kabla na asietuma mpaka tarehe tuliyokubaliana hayupo, hatumsubiri, hatumbembelezi, tulimbembeleza mtu mara moja ikatugharimu chumba kizima. Mchango wa kwanza ni tiketi na kulala. Wa pili ni chakula na gari, huu anakuja nao mtu mkononi. Vya pamoja vinatoka kwenye kapu, vya kwako unajitolea mwenyewe, na mkubaliane mapema kipi ni cha pamoja, kwa mfano sie soda ni ya mtu mwenyewe lakini maji ni ya kapu, unaweza kucheka ila hili tumelijadili nusu saa nzima. Hazina ana daftari, la karatasi, sio la simu, mana simu huzima chaji na daftari halizimi. Na pesa taslimu zitoeni kabla ya kuondoka mjini, mashine za benki Pemba zipo miji mikubwa kama Chake Chake na Wete, huko mnakokwenda ufukweni hamna mashine.

Usafiri. Kuna boti za mwendo wa kasi, kuna meli kubwa inayobeba na magari ambayo inakwenda taratibu na kawaida husafiri usiku, na kuna vindege vidogo ambavyo ni kama nusu saa tu mpo Chake. Boti haziendi Pemba kila siku kama zinavyokwenda Dar, kwahiyo msipange kwanza halafu ndo mkatafute boti, fanyeni kinyume, chukueni ratiba ya boti kwanza halafu pangeni safari kuizunguka. Wekeni bukingi mapema, hasa karibu na sikukuu, Wapemba wote wanarudi kwao siku hizo na hamtapata nafasi. Kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi, sio ndani ya begi lililokwisha kuwekwa chini ya mabegi mengine hamsini. Wageni wana bei yao na wenyeji wana yao, msishangae mwenzenu mwenye pasi ya nje akilipa zaidi.

Bahari ikikulevya: kula kitu chepesi kama saa moja kabla, usipande na tumbo tupu wala usipande umeshiba biriani, kaa chini katikati au nyuma chombo hakirushi sana, tafuna tangawizi, nusa ndimu, na simu weka mfukoni. Anaeangalia simu ndo wa mwanzo kuomba mfuko. Na kwa habari ya mifuko, wanaotoka bara wanajua ya plastiki imepigwa marufuku kwao toka 2019 lakini Zanzibar ilipiga marufuku zamani zaidi, msije nayo.

Mkishuka Mkoani daladala za Chake zipo, nafuu na utapata habari zote za kisiwa kabla hujafika. Lakini kwa watu saba na mabegi mie nasema kodini noah pamoja na dereva wake kwa siku zote, mkigawana haiumi, na dereva wa Pemba ni zaidi ya dereva, ndie anaejua nani anauza pweza asubuhi na barabara gani imeharibika. Mapatano yawe wazi kabla ya kupanda: mafuta ya nani, chakula cha dereva cha nani, anamaliza saa ngapi. Tulimpata mmoja hatukuelewana habari ya mafuta, siku ya mwisho hesabu ikawa nyengine kabisa na kosa lilikuwa letu sie tuliosema "tutaongea tu".

Kulala Pemba hamna hoteli nyingi. Sie tunakaa Chake kwa sababu iko katikati, usiku mmoja tunahamia kaskazini. Uliza mambo matatu kwa simu kabla hujatuma pesa: maji yanatoka, umeme ukikatika kuna nini, na chakula cha usiku wanapika au tuagize. Tuliwahi kulipia guesti moja tukafika saa mbili usiku tunaambiwa mpishi keshaenda kwao, tukala biskuti na dafu. Vyumba gaweni wanaume na wanawake, itawaondoshea maswali, na kama kuna mke na mume kwenye grupu waje na cheti chao, pengine wataulizwa.

Haya, mnafanya nini sasa huko shamba. Mkibahatika kuwa msimu wa karafuu, na msimu wenyewe haufanani mwaka kwa mwaka ila mara nyingi unaanza kati ya Julai na Septemba na kuendelea mbele, basi siku nzima acheni kwa ajili yake tu. Utazisikia kabla hujaziona, yani unazinusa kwenye gari vioo vikiwa wazi. Pembeni ya barabara kumetandikwa majamvi, karafuu juu yake, zilizochumwa jana bado kijani na wekundu kidogo kwenye kichwa, za juzi zimeanza kuwa kahawia, na mwenyewe amekaa kivulini na jicho moja juu ya mawingu, tone moja likidondoka nyumba nzima inatoka mbio kukunja majamvi. Usiku ndo kuzuri zaidi. Tulikaribishwa kwenye nyumba moja na mama mmoja, karafuu zimemwagwa katikati ya ukumbi, watoto, wajukuu na majirani wote wamezunguka, wanazitenga na makonyo, yani vijiti vyake, unashika kishada kwenye kiganja cha mkono mmoja unasukuma na wa pili zinavunjika zenyewe, wao wanafanya bila kuangalia huku wanapiga hadithi, sie tunavunja moja moja kama tunahesabu pesa. Mama akatuangalia akasema "nyie mngekuwa wangu mngelala na njaa". Vidole vinakuwa vyeusi na ile harufu haitoki siku mbili hata ukioga na sabuni gani. Makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kiwandani Chake yanatolewa mafuta.

Watu wanauliza kwanini Pemba ndo yenye karafuu nyingi na sio Unguja, wakati mashamba makubwa yalianza kupandwa Unguja enzi za sultani Seyyid Said. Ni kimbunga cha 1872, kiliangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika, na toka hapo ndo ikawa mama wa karafuu. Ila jamani, msinunue gunia mkalipakia kwenye boti, karafuu kisheria inauzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, kuitorosha ni magendo na hawachezi na hilo. Kipakiti cha kutilia kwenye chai na pilau utakipata Darajani kimefungwa vizuri, inatosha.

Kaskazini kuna msitu wa Ngezi, unalipa kiingilio unapewa mtu wa kukutembeza, miti mikubwa mpaka juu hakuonekani, na ukitoka upande wa pili unatokea Vumawimbi, ufukwe mweupe mrefu ambao mara nyingi hamna mtu hata mmoja zaidi yenu na wavuvi. Hapa beba chakula na maji yenu. Kati ya Chake na Wete kuna Kidike, kijiji chenye popo wa Pemba, hawa hawapo popote pengine duniani, wakubwa hasa, wananing'inia juu ya miti mamia kama miavuli iliyofungwa. Walikaribia kumalizika kwa kuliwa na kukatwa misitu, wanakijiji ndo wanaowalinda. Nendeni alasiri ikielekea magharibi wakianza kuamka.

Misali ni safari ya siku nzima kwa mashua, magharibi ya Chake, kisiwa cha hifadhi, maji yake unaona samaki bila kuzamia. Wazee wanasimulia Nabii Hadhara alifika huko akataka msala wa kusalia, hapakuwa na msala, akasema basi kisiwa chenyewe ndo msala wangu mana kimeelekea kibla. Kabla ya kupanga siku ya Misali, au ya ufukwe wowote, muulizeni mtu wa bahari kuhusu maji. Kupwa na kujaa sio jambo la kusoma kwenye simu tu ukaona umemaliza, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa mpaka juu na yakikauka yanakwenda mbali mpaka unatembea nusu saa hujalowa magoti. Mwenzetu wa Dar alivaa miwani yake ya kuzamia akatembea, akatembea, akarudi kavu.

Na Pujini, yale magofu ya Mkama Ndume. Kuna kisima cha kale pale, hadithi yake inasema mtawala huyo alikuwa na wake wawili hawaonani kwa macho, akajenga ukuta katikati kila mmoja ateke maji upande wake. Kwenye kila grupu la watu saba wapo wawili wanaohitaji ukuta huo. Sie tunawajua wetu, tunawaweka vyumba tofauti na gari mmoja mbele mmoja nyuma, kwa amani kabisa, wenyewe wanajua na wanacheka.

Siku ya kurudi Unguja piteni Wete mkanunue halua. Usinipinge, halua ya Wete ni halua ya Wete. Nunueni iliyotiwa kwenye kikapu chake cha ukili, na mnunue moja ya njiani, mana ile ya zawadi haifiki.

Mjini sasa. Usiku mbili zinatosha kabisa kama mtalala ndani ya Mji Mkongwe, msilale mbali mkaja kwa teksi kila siku, utamu wote wa mji ule ni kutoka mlangoni ukapotea. Mji umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka mwaka 2000, magari hayapiti vichochoroni, vespa tu na bodaboda nazo zitakugonga usipotega masikio. Asubuhi Darajani sokoni kabla jua halijakali, mnadani samaki wanapigiwa kelele. Mkunazini kwenye soko la zamani la watumwa lililofungwa 1873 nendeni, na mwendako muingie kwa adabu, si pahala pa kupigia picha za kucheka. Jumba la Beit el Ajaib la 1883 mtaliona kwa nje, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Ngome Kongwe iko jirani yake hapo hapo. Jioni kahawa tungu na kashata Jaws Corner, keti kwenye baraza, usikilize wazee wanavyoendesha nchi za watu.

Chakula cha usiku kila mgeni anakwenda Forodhani na mie sikatazi, miwa yenye ndimu na tangawizi ile, mishkaki, upepo wa bahari. Ulizeni bei kabla ya kusema "nipakulie". Lakini urojo tafuteni mtaani, kwenye nyumba au kibanda ambacho watu wa mtaa wenyewe wamepanga foleni na bakuli zao. Rojo la manjano zito lenye uchachu wa embe, viazi, bajia, kachori, vichipsi vya muhogo juu vinavunjika mdomoni, mshikaki mmoja umechomolewa humo humo, chatne ya nazi, halafu pilipili unatia mwenyewe. Tia kidogo. Yule wa Muscat kila mwaka anasema keshazoea na kila mwaka machozi yanamtoka mbele za watu.

Mavazi nadhani mnajua ila nitasema kwa sababu ya wale wa mara ya kwanza, mabega na magoti yafunikwe mjini na vijijini, nguo za kuogea ni za ufukweni, dada mmoja kwenye grupu abebe kanga doti mbili za akiba na mtazitumia kwa kila kitu, shuka, taulo, mtandio, pazia. Picha za watu ombeni kwanza. Ijumaa adhuhuri msipange safari yoyote, dereva wenu yuko msikitini.

Usiku wa mwisho sie tunakaa ukutani Forodhani, Hazina anafungua daftari anasoma hesabu yote kwa sauti, kila shilingi, hata ile dafu ya Mkoani. Kilichobaki kinagawiwa hapo hapo. Mwaka jana kilibaki elfu ishirini na moja kwa watu saba, elfu tatu tatu, watu wote wakazirudisha zile pesa kwenye kapu akaandika ukurasa mpya juu kabisa: "Pemba, mwakani". Halafu kesho yake wa bara chukueni boti ya asubuhi, sio ya mwisho.